Karatasi Imepotea, Daftari Lipo

Ndugu mtahiniwa, makala haya yamewekwa katika sehemu hii ya kitabu kwa sababu mbili. Kwanza, yatakupa mazoezi ya ufahamu, ufupisho, tangazo na barua rasmi, mambo unayoweza kukutana nayo katika mtihani wa Kiswahili. Pili, yanahusu jambo litakalokufuata hata baada ya mtihani: nyaraka zako za serikali, na ugumu wa kuzirudisha zinapopotea. Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili soma ukiwa na kalamu mkononi.

1. Mkoba uliobaki kwenye gari

Mimi ni mwalimu Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Huku kwetu mwenye shida ya ofisi hushuka mjini asubuhi kwa Noah au bodaboda, akarudi jioni. Miaka michache iliyopita, binti mmoja aliyekuwa amehitimu kidato cha nne shuleni kwetu alishuka na mkoba uliobeba nyaraka zake zote: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha Taifa. Alikuwa anakwenda kutoa kopi ili aombe nafasi katika chuo cha afya. Mvua ilikuwa inanyesha na gari limejaa. Mkoba akauweka chini ya kiti. Alipofika alishuka na mwavuli, na mkoba ukaendelea na safari.

Alimtafuta dereva kwa siku tatu. Siku ya nne alikuja nyumbani kwangu. Aliponiamkia na mimi kuitikia, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, sasa mimi si mtu."

Nilimkataza kusema hivyo. Hata hivyo, tulipoanza kupanga pa kuanzia, niliona kwamba hakuwa ametia chumvi sana. Ili ahudumiwe kuhusu kitambulisho, angeulizwa cheti cha kuzaliwa. Ili apate nakala ya cheti cha kuzaliwa, angeulizwa yeye ni nani. Ili ajibu yeye ni nani, angehitaji kitambulisho. Kila mlango ulikuwa na ufunguo wake, na funguo zote zilikuwa ndani ya mkoba uleule.

Binti huyu hatimaye alifanikiwa, lakini alichelewa mwaka mzima. Kilichomchelewesha hakikuwa mkoba. Kilikuwa herufi moja, na katika herufi hiyo mimi mwalimu wake nilikuwa na sehemu yangu. Nitakueleza mbele.

2. Tofauti kati ya karatasi na daftari

Jambo la msingi katika makala haya ni hili: cheti ulichonacho mkononi ni nakala ya taarifa iliyoandikwa mahali pengine. Taarifa yenyewe imo katika daftari la serikali. Daftari hilo linaweza kuwa la karatasi au la kompyuta, lakini ndilo lenye nguvu.

Tuchukue mfano wa cheti cha kuzaliwa. Katika Tanzania Bara, vizazi na vifo husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Chombo kinachosimamia ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaojulikana kwa kifupi kama RITA, ulioanzishwa mwaka 2006. Ofisi za wilaya za usajili huwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mtoto anaposajiliwa, majina yake, tarehe na mahali alipozaliwa, pamoja na majina ya baba na mama, huandikwa kwenye daftari la vizazi na kupewa namba ya ingizo. Cheti unachopewa ni dondoo la ukurasa huo. Cheti kikiungua, ukurasa haujaungua.

Vivyo hivyo kitambulisho cha Taifa. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, ilianzishwa mwaka 2008 kutekeleza Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu, Na. 11 ya mwaka 1986. Mamlaka huandikisha mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Huchukua maelezo yake, picha yake na alama za vidole vyake, kisha humpa namba yenye tarakimu 20. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 5 Machi 2007, namba yake huanza na 20070305. Kadi ikipotea, namba haibadiliki, na vidole vyako bado unavyo.

Hali ni hiyohiyo kwa cheti cha kidato cha nne. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina kumbukumbu ya matokeo yako kwa namba yako ya mtihani, yaani namba ya kituo, namba yako na mwaka. Ukiijua namba hiyo, unayo njia ya kuyafikia matokeo hayo.

Kwa hiyo, mtu anayefuatilia waraka uliopotea haombi serikali imtengenezee utu upya. Anaiomba ifungue daftari pale lilipo jina lake. Swali linabaki: je, anajua ni daftari lipi, ukurasa upi, na jina lake liliandikwaje?

3. Kwa nini kazi hii ni ngumu?

Kama daftari lipo, kwa nini watu huhangaika miezi mingi? Zipo sababu kadhaa. Zisome kama hoja za insha, kwa kuwa mada ya namna hii inaweza kutolewa katika mtihani.

Hoja ya kwanza ni kuzunguka kwa masharti. Ofisi moja hutegemea waraka wa ofisi nyingine. Mtu aliyepoteza waraka mmoja huusaidia kwa ule wa pili. Aliyepoteza yote kwa siku moja hana pa kuanzia. Ndiyo sababu kuweka nyaraka zote kwenye mkoba mmoja ni hatari kuliko kupoteza mmoja mmoja.

Hoja ya pili ni udanganyifu wa watu wengine. Mwezi Aprili mwaka 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Baada ya jambo kama hilo, karani anayekutazama kwa mashaka hakutazami wewe peke yako. Anakumbuka wale waliotangulia. Ukweli wako hauna budi kuthibitishwa kwa njia ileile inayomnasa mwongo.

Hoja ya tatu ni kutojua taarifa iko wapi. Kizazi husajiliwa katika wilaya kilikotokea. Wanafunzi wengi wa Old Moshi walizaliwa Dar es Salaam, Arusha au Tanga, wakaletwa kwa bibi wakiwa wadogo. Mwanafunzi wa namna hii akienda kutafuta ingizo lake Moshi, karani atafungua daftari na asilione, wala hatakuwa amekosea. Wengine hudhani wamepoteza cheti kumbe hawakuwahi kuwa nacho. Walichokuwa nacho ni tangazo la kizazi, ile karatasi inayotolewa hospitali mtoto anapozaliwa, au kadi ya kliniki. Tangazo la kizazi hutumika kuombea cheti. Lenyewe si cheti.

Hoja ya nne ni umbali na gharama. Nauli ya kushuka na kupanda, kopi, picha, ada na siku ya kazi iliyopotea vyote hulipwa na mwananchi. Safari moja iliyoshindikana kwa kukosa karatasi moja huzaa safari ya pili.

Hoja ya tano ni msongamano wa tarehe za mwisho. Mwaka 2019 laini za simu zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Katika majuma yale foleni kwenye ofisi za vitambulisho zilikuwa ndefu katika sehemu nyingi za nchi, kwa sababu wengi walisubiri hadi mwisho. Aliyekuwa amepoteza kadi yake alipanga foleni moja na aliyekuwa hajawahi kuandikishwa.

Hoja ya sita, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni tofauti za majina kati ya waraka na waraka.

4. Herufi moja

Nirudi kwa binti wa mkoba. Tulianza vizuri. Polisi alipata ripoti ya upotevu. Namba yake ya NIDA aliipata kwa simu. Alipofika kwenye usajili wa vizazi akaomba nakala ya cheti, akatoa jina lake kamili, tarehe na majina ya wazazi. Daftari likatafutwa. Jina halikuwemo.

Alirudi juu analia. Mama yake alikuwa na hakika kwamba cheti kilikuwepo na kwamba kilitolewa hapohapo. Tulikaa sebuleni kwao tukakumbushana. Mwisho bibi yake akatoa cheti cha ubatizo kutoka kwenye sanduku. Jina la ukoo lilikuwa limeandikwa Masawe, kwa s moja. Sisi shuleni tulikuwa tumemwandika Massawe, kwa s mbili, na hivyo ndivyo lilivyochapwa kwenye cheti chake cha kidato cha nne. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho, akaandika kama lilivyo kwenye cheti cha mtihani. Alipokuwa na karatasi zote, hakuna aliyeiona tofauti hiyo. Karatasi zilipopotea, akawa watu wawili.

Sasa nikiri sehemu yangu. Orodha ya watahiniwa wa mwaka ule niliiandaa mimi. Niliibandika ukutani, nikawaambia wanafunzi wakague majina yao na kuweka sahihi. Binti alikagua, akaona jina lake kama alivyozoea kuliandika, akasaini. Kopi ya cheti chake cha kuzaliwa ilikuwa kwenye faili lake, ndani ya kabati, hatua chache kutoka nilipokaa. Sikulifungua kabati lile. Ningelifungua, kosa lingefutwa kwa kalamu kwa dakika moja.

Badala yake ilimbidi ale kiapo mbele ya wakili kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Aliambatanisha cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi na barua ya mtendaji wa kijiji. Kila hatua ilikuwa na wiki zake. Nyaraka zilipokamilika, dirisha la maombi ya chuo lilikuwa limefungwa. Aliomba tena mwaka uliofuata. Tangu mwaka huo sikubandiki orodha ukutani kabla ya kila mwanafunzi kusimama mbele yangu na kopi ya cheti chake, na tunasoma pamoja herufi kwa herufi.

Katika eneo letu makosa ya namna hii ni mengi. Massawe na Masawe, Mlay na Mlai, Elizabeth na Elizabeti, Joseph na Yosefu. Mwingine ana jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la ukoo, na kila ofisi imechukua mawili yaliyo tofauti. Mwingine alipofika darasa la kwanza mwalimu aliliandika jina jinsi alivyolisikia. Mdomoni majina hayo ni mamoja. Kwenye kompyuta ni watu tofauti.

5. Hatua za kufuata waraka unapopotea

Zingatia mfuatano huu. Masharti madogo na ada zinaweza kubadilika, kwa hiyo ulizia ofisi husika kabla ya kutoa nauli.

(a) Toa taarifa polisi. Ripoti ya upotevu, ambayo mitaani huitwa losi ripoti, hupatikana kituoni na pia kwa njia ya mtandao wa Jeshi la Polisi. Elewa kazi yake. Ripoti hiyo haithibitishi kwamba wewe ni wewe. Inathibitisha kwamba umetoa taarifa tarehe fulani. Inakulinda endapo mtu ataokota kitambulisho chako na kukitumia vibaya, na ofisi nyingine nyingi haziwezi kukuhudumia bila hiyo. Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa la jinai.

(b) Pata barua ya utambulisho. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha afisa mtendaji wa kijiji. Usiidharau barua hii. Kwa aliyepoteza kila kitu, watu wanaomfahamu ndio ufunguo wa kwanza.

(c) Anza na cheti cha kuzaliwa. Nenda kwenye ofisi ya usajili ya wilaya uliyozaliwa, au tumia huduma ya RITA ya mtandaoni, uombe nakala. Ukiwa na namba ya ingizo kazi ni nyepesi. Usipokuwa nayo, toa majina, tarehe, mahali na majina ya wazazi kama yalivyoandikwa wakati ule, si kama unavyoyaandika leo. Ikibainika hukuwahi kusajiliwa, hiyo si nakala tena bali ni usajili uliochelewa. Sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa; baada ya hapo unahitaji vielelezo, kama vile kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha shule ya msingi. Hapa vitabu vya ubatizo husaidia sana. Makanisa ya huku, kama Kidia ambako misheni ya Kilutheri ilianza mwishoni mwa karne ya 19, yana mazoea ya muda mrefu ya kuandika waumini wake.

(d) Fuatilia kitambulisho cha Taifa. Ukiwa umesahau namba, piga *152*00# ufuate maelekezo, au tumia tovuti ya NIDA. Utaulizwa majina yako, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama. Kisha nenda ofisi ya NIDA ya wilaya na ripoti ya polisi. Kadi ya kwanza hutolewa bure, lakini ya kufidia iliyopotea hulipiwa. Ada inayojulikana ni shilingi 20,000. Hapa ndipo lile duara la masharti linapokatika, kwa sababu vidole vyako vimo kwenye kumbukumbu.

(e) Fuatilia cheti cha mtihani. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa cheti mbadala, na pia utaratibu wa uthibitisho wa matokeo, ambao Baraza hulipelekea moja kwa moja chuo au mwajiri anayeuhitaji. Jiandae na ripoti ya polisi, tangazo la gazetini na namba yako ya mtihani.

Malipo yote ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kwa benki au simu. Mtu akikuambia umpe fedha mkononi akusaidie kupita haraka, huyo ni kishoka. Waliokosa subira wameishia kulipa mara mbili: kwa kishoka, na baadaye kwa ofisi.

6. Daftari lenyewe likipotea

Tumesema daftari ndilo lenye nguvu. Tujiulize basi: ingekuwaje kama daftari ndilo lingepotea? Jambo hilo limewahi kutokea, tena katika nchi yenye kumbukumbu nyingi. Kuanzia mwaka 1948, watu wengi wa visiwa vya Karibiani walihamia Uingereza kihalali, baadhi yao wakiwa watoto. Wakaishi, wakafanya kazi, wakalipa kodi. Mwaka 2010 serikali ya nchi hiyo iliharibu kadi za zamani zilizoonyesha tarehe walizowasili. Baadaye masharti ya uhamiaji yalipokazwa, wazee hao wakatakiwa kuthibitisha wamekaa tangu lini. Wengine walipoteza kazi, wengine wakanyimwa matibabu, na wapo waliofukuzwa nchini. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliomba radhi.

Funzo ni lipi kwetu? Ni kwamba utunzaji wa kumbukumbu ni wajibu wa pande mbili. Serikali itunze daftari. Mwananchi atunze njia ya kulifikia: namba, tarehe na majina yaliyo sahihi. Upande mmoja ukishindwa, anayeumia ni mwananchi.

7. Fanya haya kabla ya mtihani wa Novemba

Usisubiri kupoteza. Kazi ifuatayo unaweza kuimaliza kwa siku moja.

Kwanza, chukua cheti chako cha kuzaliwa na usome kila herufi. Kilinganishe na jina ulilosajiliwa nalo kwa mtihani. Ukiona tofauti, hata ya herufi moja, mwone mwalimu wa taaluma leo. Kabla usajili haujafungwa, kosa ni kazi ya kalamu. Cheti kikishachapwa, kosa ni kazi ya mawakili.

Pili, andika kwenye daftari la nyumbani namba ya ingizo la cheti cha kuzaliwa na wilaya kilikotolewa. Ukishapata namba ya mtihani iandike hapo pia. Ukifikisha miaka 18 na kuandikishwa, ongeza namba ya NIDA. Mpe nakala mzazi au mlezi.

Tatu, toa kopi mbili na upige picha za nyaraka kwa simu. Kopi ziweke nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa bibi, kwa sababu nyumba moja ikiungua haziungui zote. Usitume picha hizo kwenye makundi ya WhatsApp.

Nne, usitembee na nyaraka halisi zote kwa pamoja. Chukua ule unaohitajika siku hiyo tu, na ukae nao mwilini, si chini ya kiti.

Tano, kama huna cheti cha kuzaliwa, anza kukitafuta sasa. Utakihitaji ukiandikishwa kitambulisho. Ukifika elimu ya juu, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi pia. Dirisha la mkopo halimsubiri mtu anayetafuta karatasi.

8. Mfano wa tangazo la kupotelewa

Tangazo zuri ni fupi, lina kichwa cha habari, na linajibu maswali haya: nini, nani, wapi, lini, na atakayeokota afanye nini. Angalia mfano huu.

TANGAZO LA KUPOTELEWA NA NYARAKA
Mimi ………………, mkazi wa kijiji cha ………………, Old Moshi, nimepotelewa na cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne tarehe ………………, nikiwa safarini kuelekea Moshi mjini. Nyaraka zilikuwa ndani ya mkoba mweusi. Atakayeziokota anaombwa azifikishe kituo chochote cha polisi au kwa ofisi ya mtendaji wa kijiji cha ………………. Natanguliza shukrani.

Kumbuka: tangazo la kubandika sokoni au kusoma kanisani na msikitini halihitaji namba yako ya NIDA. Namba hiyo ni kwa ajili ya polisi na ofisi husika tu.

9. Maswali ya kujipima

1. Mwandishi anasema binti "akawa watu wawili". Eleza maana ya kauli hiyo kwa kurejelea makala.
2. Fafanua tofauti kati ya (a) tangazo la kizazi na cheti cha kuzaliwa (b) nakala ya cheti na usajili uliochelewa.
3. Kwa nini ripoti ya upotevu haitoshi kuthibitisha utambulisho wa mtu?
4. Fupisha sehemu ya 3 kwa maneno yasiyozidi 80.
5. Toa maana ya maneno haya kama yalivyotumika: kughushi, dondoo, kishoka, ingizo, kiapo.
6. Andika barua rasmi kwa Afisa Mtendaji wa kijiji chenu ukiomba barua ya utambulisho baada ya kupoteza nyaraka. Zingatia anwani mbili, kichwa cha barua na hitimisho.
7. "Mwenye kosa katika kisa cha binti ni mwalimu peke yake." Jadili kwa hoja nne.

Ukijibu swali la 7 usinionee huruma kwa kuwa mimi ndiye mwandishi. Toa hoja, zitetee, kisha uhitimishe. Ukimaliza, funga kitabu ukachukue cheti chako cha kuzaliwa, ukisome herufi kwa herufi.